Simu ya Kukunja Kwenye Orodha ya Mahari



Leo tunazungumza simu. Tunajua wapo watakaosema, haya, vyetezo vimekwisha, singo imekwisha, sasa hawa wameingia kwenye simu. Lakini hebu tusikilizaneni kidogo. Tangu mwaka jana, maharusi wanaokuja kwetu kupakwa hina wanatuonyesha picha mbili. Ya kwanza ni ua wanalotaka wachorwe mkononi. Ya pili ni simu, ile inayokunjwa katikati ikawa ndogo kama kipochi cha poda, rangi ya zambarau au ya maziwa. Wengi wanatuonyesha kwa hamu tu na mazungumzo yanaishia hapo. Mmoja aliiandika kabisa kwenye orodha ya mahari yake, posa nusura ivunjike, na sisi tukaitwa tukakae kati.

Kwa wasiotujua: tuko watatu, wawili wa Unguja na mmoja wa Wete, Pemba, na sote waume zetu wametuleta Bariadi, mkoani Simiyu. Tunapaka hina, tunashona madera na mitandio, tunauza udi na viungo vinavyotufikia kwa boti kisha kwa basi. Mtu wa kisiwani akifika huku mwanzo macho yanatafuta bahari. Haipo. Ipo pamba. Simiyu ulimegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012, una wilaya tano, Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na ukitajwa kwa zao la pamba hutajwa mbele kabisa katika nchi hii. Kuanzia mwezi wa tano hivi pamba inaanza kuuzwa, fedha zinaingia mitaani, na harusi zinafuata nyuma yake. Kabla ya hapo hata kilo ya nyama inafikiriwa mara mbili. Kwa hivyo tumejifunza kwamba ukitaka kujua uzito wa bei ya kitu hapa, ipime kwa pamba.

Hebu tuipime. Mwezi wa saba mwaka 2024 Samsung walipotoa Galaxy Z Flip6, bei yake Marekani ilikuwa dola 1,099. Kwa dola ya wakati ule hiyo inakaribia shilingi milioni tatu, kabla ya kodi, kabla ya nauli ya mzigo, kabla muuzaji hajaweka chake. Tukichukua shilingi 1,150 kwa kilo ya pamba mbegu, bei ambayo wakulima wetu hawashangai kuisikia, simu hiyo moja ni zaidi ya kilo 2,500. Tani mbili na nusu! Mkulima wa plau la ng'ombe akipata kilo 300 kwa ekari anashukuru Mungu. Piga mwenyewe: ekari nane na zaidi, kulimwa, kupaliliwa, kupuliziwa dawa, kuchumwa, ili kitu kikae kwenye pochi.

Sasa huyo mwari wetu. Ni binti wa Kisukuma, Muislamu, umri wake miaka ishirini na tatu, anakaa duka la vitenge la shangazi yake. Mchumba wake analima pamba na baba yake na ana pikipiki moja. Watu wazuri wote wawili, mashaallah. Wazee walikaa kwanza kwa mambo yao ya ng'ombe, maana huku hata kwenye nyumba za Kiislamu ng'ombe hawaachwi nyuma, na hilo likamalizika kwa maelewano. Ndipo sheikh akaagiza bibi harusi mwenyewe aulizwe mahari yake. Jibu likaja kwenye karatasi: msahafu, na simu ya kukunja, mpya, ndani ya boksi lake. Upande wa mume ukanyamaza. Kisha ami mmoja akauliza hizo simu zinauzwa kiasi gani, akatajiwa, akasema hao ni ng'ombe wanne mtu amewakunja akawatia mfukoni, na ng'ombe waliokunjwa hawazai. Watu wakacheka, lakini mchumba hakucheka. Wiki mbili hakupiga simu.

Mama wa binti akatuita. Alituambia, "Nyinyi ni watu wa pwani, mnayajua mambo haya ya mahari na mambo haya ya kisasa. Niongeleeni na mwanangu."

Sasa mtashangaa kwa nini tuliitwa sisi na wala si kungwi wa makamo. Ni kwa sababu mmoja wetu aliwahi kuwa nayo. Kaka yake yuko Muscat, alimletea kama zawadi ya kujifungua. Kampuni yake tuiache, maana tunayoyasema yanahusu aina yote ya simu hizi. Ilikuwa ya mwenzetu lakini tuliitumia sote watatu kwa kazi, miezi kumi na minne, kwa hivyo tunaisema kwa kuijua.

Tuanze na uzuri wake, maana kuna watu wakishindwa kununua kitu hukitia ila zote. Uzuri upo. Unaikunja nusu, unaiweka juu ya meza, inasimama yenyewe. Bibi harusi ana hina mbichi mikono yote miwili na miguu, hawezi kushika hata kijiko, na huku anazungumza na mama yake mdogo aliyeko Oman wanaonana uso kwa uso. Hakuna wa kumshikia simu, hakuna mtoto wa kuegemeza simu kwenye kopo la sukari. Sisi tukirekodi namna ya kufunga mtandio tulikuwa tunaiweka vile vile, na kioo kidogo cha nje kinakuonyesha sura yako huku kamera nzuri ya nyuma ndiyo inayopiga. Inaingia kwenye mfuko wa baibui bila kuning'inia. Na kuna ile raha ya kumaliza maneno na mtu ukaifunga, tap! Waliowahi kuwa na Motorola Razr, ile nyembamba iliyotoka mwaka 2004, wanaijua raha hiyo. Hakuna simu ya kubonyeza kitufe chekundu iliyowahi kuifikia.

Basi tuje kwenye vumbi.

Bariadi kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zirudi, vumbi linaingia kila mahali. Unafagia asubuhi, adhuhuri unaandika jina lako juu ya meza. Si mchanga wa pwani wenye chembe kubwa unaozikung'uta zikaanguka, huu ni laini kama poda ya mtoto. Na simu ya kukunja ina bawaba katikati, na bawaba ina nafasi, hata iwe nyembamba kama unywele. Nyuma ya kioo chake hakuna kioo kigumu kama cha simu za kawaida. Ni kioo chembamba mno kinachoweza kupinda, na juu yake umewekwa utando wa plastiki. Chembe moja ikiingia chini yake, kila ukikunja unaisaga kioo kwa ndani.

Hili si letu peke yetu, linajulikana dunia nzima tangu mwanzo. Mwezi wa pili mwaka 2019 Samsung walipoitangaza Galaxy Fold ya kwanza, bei yake ilikuwa dola 1,980. Mwezi wa nne, waandishi waliopewa waijaribu wakaanza kuonyesha vioo vilivyozima. Wengine walikuwa wamebandua ule utando wa juu wakidhani ni nailoni ya kiwandani, kama vile sote tunavyobandua nailoni ya simu mpya. Nyengine ziliingiwa na takataka chini ya kioo. Kampuni ikasogeza mauzo hadi mwezi wa tisa, ikaziba nafasi na kuuingiza ule utando chini ya fremu ili usibanduke. Wamerekebisha sana tangu hapo, na haki yao wapewe. Lakini angalieni alama zenyewe. Z Flip3 ya mwaka 2021 ilikuja na alama ya IPX8. Hiyo 8 ni ya maji, unaweza kuitumbukiza kwenye ndoo ukaitoa. Hiyo X maana yake upande wa vumbi haukupimwa. Z Flip6 ya 2024 ikapewa IP48, na hiyo 4 inazuia vitu vya ukubwa wa zaidi ya milimita moja. Milimita moja! Punje ya mchele inazuiwa. Vumbi la Bariadi linapita linaimba. Ya kwanza ya kukunja kupewa kinga kamili ya vumbi ni Pixel 10 Pro Fold ya Google, mwaka 2025, na hiyo ilianzia dola 1,799. Wacha tuipite.

Watengenezaji husema simu hizi zimepimwa kukunjwa mara 200,000. Ukikunja mara mia kwa siku, ni miaka mitano na nusu. Hesabu nzuri, ila haina upepo wa mwezi wa nane ndani yake.

Kuna na mambo yetu wanawake ambayo hakuna muuzaji atakayekwambia. Kwenye karatasi za maonyo wanakataza kukandamiza kioo cha ndani kwa kitu chenye ncha, na wametaja kucha kabisa. Sasa bibi harusi wa leo na kucha zake! Halafu simu hizi zina sumaku ndani, ndizo zinazofanya ifunge vizuri. Na kwenye mkoba wa mwanamke wa mtandio kuna nini? Pini. Tulikuwa tukiitoa mkobani tunakuta pini imeng'ang'ania ubavuni kama kupe. Ingekuwa imeingia katikati wakati wa kufunga, kioo kingekwisha siku ile ile. Na hizi sumaku za kufungia mtandio ambazo sasa kila mtu anazitumia badala ya pini, ziwekeni mbali nazo pia.

Yetu haikufa kwa pini. Mwezi wa kumi na nne ulitokea mstari mweusi pale pale penye mkunjo, mwembamba kama uzi. Baada ya wiki nusu ya chini ya kioo ikawa nyeusi. Tukaipeleka kwa fundi wetu pale mjini, kijana hodari, anayebadilisha vioo vya Tecno, Infinix na Samsung za kawaida huku anakula mihogo. Aliishika, akaigeuza, akairudisha mezani polepole kama mtu aliyepewa mtoto wa mfalme amnyoe. Akasema, "Mama zangu, hii mimi siigusi." Mwanza, ambako ni mwendo wa saa tatu na ushei kwa basi kupitia Lamadi na Magu, tukaambiwa kioo kiagizwe Dar es Salaam. Dar es Salaam wakatutajia bei. Hatuitaji hapa, ila jueni kwamba kwa fedha ile mngenunua simu mpya ya kawaida, nzuri, na mkabaki na ya kumtolea mwanaharusi zawadi. Kioo hicho hakibandikwi peke yake kama cha simu nyengine, hubadilishwa na fremu yake. Basi tukaiweka kabatini, na humo imo hadi leo.

Mtasema, si zipo za bei ya chini? Zipo. Tecno, hawa hawa ambao simu zao ndizo nusu ya mikono ya Bariadi, walitoa Phantom V Fold mapema mwaka 2023 na Phantom V Flip mwezi wa tisa mwaka huo huo, kwa bei iliyo chini sana ya za Samsung. Ni jambo jema na huenda ndiko mambo yanakoelekea. Lakini bado ni fedha za simu mbili tatu za kawaida, na kwa fundi wetu kioo chake ni kigeni vile vile. Na zile zilizotumika za kutoka Dubai, zinazouzwa nusu bei Darajani na Kariakoo, hizo mtu ananunua miaka ya mkunjo ya mtu mwengine.

Jambo dogo lakini linauma: nyingi za Samsung za aina hii zina nafasi ya kadi moja tu ya laini, ya pili ni ya kielektroniki isiyo na kadi. Mwanamke wa biashara huku ana laini mbili, tatu, kila moja na fedha zake na wateja wake. Atakuwa anatoa na kutia kadi kwa pini gani?

Hayo yote tuliyabeba kichwani siku tuliyokwenda kwa mwari. Tulikwenda na ile simu iliyokufa pia, ndani ya kitambaa. Na tulikuwa na maneno ya dini, maana mwenzetu wa Pemba ni mwalimu wa madrasa. Mnajua yanayosemwa: kwamba ndoa yenye wepesi ndiyo yenye baraka, kwamba Mtume swalla Allahu alayhi wasallam alimwambia sahaba asiye na kitu akatafute hata pete ya chuma, na alipoikosa akamuozesha kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Kweli tupu. Lakini katika Suratun Nisaa, aya ya nne, ni wanaume walioamrishwa watoe mahari na ni wanawake waliopewa haki ya kuyamiliki, na wanazuoni hawakuweka mpaka wa juu. Tuliona si sawa kumkumbusha binti pete ya chuma huku wazee wameshahesabiana ng'ombe na hakuna aliyewakumbusha wao.

Tulimkuta chumbani anapiga pasi. Tukamuuliza tu, bila ya mzunguko: kwa nini hiyo simu?

Akasema, "Dada zangu, nyinyi mnaniona nina tamaa. Simu yangu ya kwanza ilikuwa ya kaka, imepasuka. Ya pili ya kaka mwengine, imepasuka pia, na nikipigiwa inajiweka yenyewe kwenye spika, nyumba nzima inasikia. Mchumba wangu hajawahi kunambia neno lisilosikiwa na wadogo zangu. Ng'ombe amehesabu baba. Nguo za begi anachagua mama na shangazi. Kwenye harusi hii nzima, mahari ndicho kitu pekee nilichoulizwa mimi. Nikataka kitu kipya. Na kinachofungwa."

Tulikaa kimya kidogo. Mwenzetu wa Makunduchi akasema bibi yake alikuwa na kasha la mbao lenye njumu za shaba, na ufunguo wake ukifungwa kwenye pindo la kanga mchana na usiku, na mpaka anafariki hakuna mwanawe aliyejua ndani mna nini. Palikutwa shanga, karafuu na barua tatu. Kwa hivyo tulilielewa la binti. Kutaka kitu chako kinachofungwa ni jambo la zamani, na halina aibu yoyote.

Tukamfungulia kitambaa. Aliishika ile simu kwa mikono miwili, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Tukaiwasha. Nusu ya juu ikawaka, nusu ya chini nyeusi. Akauliza, "Na ukiiacha imefungwa siku nyingi, huo weusi hauondoki?" Tukamwambia hauondoki. Akauliza imekaa muda gani. Tukamwambia miezi kumi na minne, na ilikuwa ikifutwa kwa kitambaa cha miwani kila usiku. Hapo hatukusema tena, alianza yeye kupiga hesabu. Alitaka kujua simu ya kawaida mpya ni kiasi gani, cherehani ya zigizaga ni kiasi gani, na gramu ya dhahabu imefika wapi.

Maana hapo ndipo penyewe. Mahari ni mali ambayo mwanamke akija kupatwa na jambo, mume akiumwa, au Allah apishe mbali wakiachana, anaifungua na inamsaidia. Dhahabu ukiivaa miaka kumi bado ni dhahabu, na sonara ataipima. Ng'ombe anazaa. Cherehani inakula mafuta kidogo inaendelea. Simu, ya kukunja na isiyokunjwa, siku unayochana boksi imeshapungua, na ya kukunja inapungua kwa kasi zaidi kwa sababu kila mnunuzi anauogopa ule mkunjo. Kwa hivyo sisi jibu letu kwa maharusi ni hili: kuitaka si dhambi, na ukiwa unaishi mjini, una kipato chako, una fundi wa kuaminika karibu, ukajinunulia kwa fedha zako, vaa raha yako. Kuiweka kuwa ndiyo mahari, na hasa ukiwa unaolewa Bariadi, Maswa au Meatu, hapana. Ni kuubadilisha uti wa mgongo wako kwa kitu ambacho fundi wa karibu anakiogopa.

Na msikope. Tunalisema hili kwa uchungu kwa sababu tumeona maharusi wameingia nyumba mpya na mikopo ya kausha damu, riba juu ya riba, kwa ajili ya vitu vya kupigia picha. Zipo na simu za kulipia kidogo kidogo, ukichelewa inafungwa hata kama ndiyo ina namba ya daktari wako. Soma masharti, muulize anayejua fikihi kabla ya kuweka sahihi.

Nyinyi wa Paje, Nungwi na Jambiani, msijione mmepona kwa kuwa vumbi ni letu. Mchanga wa ufukweni ndio huo huo kwa bawaba, na chumvi juu yake. Mtu akishaamua kununua, basi anunue na risiti, abonyeze *#06# apate namba za simu, azitume 15090 ajue kama TCRA inaitambua ni halali, maana tangu Juni 2016 simu bandia zinafungiwa. Aikunjue kwenye mwanga mkali na kioo kikiwa kimezimwa, apite kwa jicho kwenye mkunjo wote, aisikilize bawaba kama inakwaruza. Utando wa ndani asiubandue hata ukionekana umeinuka pembeni. Aitafutie kimfuko chake peke yake, mbali na pini. Na akumbuke kuzima ujumbe usijitokeze kwenye kioo cha nje, vinginevyo imefungwa na siri zako ziko nje zinasomwa na kila anayepita.

Mwari wetu alirudisha karatasi mpya kwa sheikh. Msahafu. Pete ya dhahabu. Na fedha taslimu shilingi milioni moja na laki mbili, laki nne siku ya nikaha na zilizobaki baada ya pamba kuuzwa, zote zitiwe mkononi mwake, si kwa baba wala kwa kaka. Hilo la mwisho aliliandika kwa herufi kubwa. Wifi mmoja alinung'unika kwamba akishapewa taslimu si atakwenda kununua simu ile ile? Tukamjibu, akinunua ni zake. Mchumba alikubali siku hiyo hiyo, na jioni akapiga. Mama mtu, tunampenda kwa hili, aliwatoa wadogo zake wote nje wakachote maji, ili spika iongee na mwenyewe tu.

Nikaha ni mwezi wa nane, inshaallah. Ameshaweka oda ya hina, ua la Kiomani mpaka kwenye kiwiko. Anasema simu ya kawaida atainunua kwanza, mpya, na cherehani. Ile ya kukunja ataiangalia tena mwakani akiona bei zimefika wapi. Akiamua, tumemuahidi kwenda naye Mwanza, na tutabeba tochi.